Jogoo Wawili na Mlima wa Lukunge

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Sefu, na mimi nikacheka makaburini. Si kile kicheko cha kuziba mdomo kwa khanga. Nilicheka mpaka mjukuu wangu Rehema akanishika mkono akidhani nimepatwa na maradhi. Maiti imefika, kaburi liko tayari, mara mzee mmoja mwenye mvi, mtani wa marehemu, akajitumbukiza kaburini, akalala chali, akafumba macho, akasema hatoki mpaka alipwe, maana Sefu alikuwa mtumwa wake na ametoroka bila kuaga. Watu wakachangishana wakamtoa. Rehema amezaliwa mjini, amesoma, na njia nzima ya kurudi nyumbani alinung'unika kwamba yule mzee hana adabu. Nikamwambia ndiyo kazi yake. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya watu, kukunyang'anya kuku, kukuita mtumwa wake, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umejifedhehesha mwenyewe. Baba zetu walirithishana utani kama wanavyorithishana mashamba, ukoo kwa ukoo, na ulitusaidia kuzika, kusuluhisha na kusemana kweli bila kuuana. Rehema akaniuliza, "Sasa kilichokuchekesha ni nini, Bibi?" Nikamwambia kwamba Sefu huyo huyo ndiye aliyewahi kunifanya mtumwa kwa karatasi ya serikali. Nadhani aliamua kweli naumwa.

Mwaka ninaousimulia ni mmoja tu, na sehemu kubwa yake sikuona kitu, kwa sababu nilikuwa mwali. Ulikuwa wakati wa Mdachi, reli imeshafika Morogoro na watu wa milimani wameanza kuizoea. Mwali wa siku zile si wa siku hizi anayefichwa wiki mbili kisha anarudi shule. Niliingizwa chumba cha ndani nyumbani kwa mjomba mahindi yakiwa mabichi, na mahindi yakaja kuwa mabichi tena ningali mle. Chumba hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na kitanda cha kamba, mkeka, mtungi, na harufu ya mafuta ya nyonyo ambayo Bibi, mama yake mama, alinipaka asubuhi na jioni mpaka nikawa nateleza kitandani. Kazi yangu ilikuwa kula. Uji asubuhi, ndizi za kuchemsha saa nne, ugali na kunde mchana, magimbi jioni, na katikati ya hapo Bibi akija na kibakuli akisema, "Onja tu, mke mwenzangu." Nilionja mpaka nikashindwa kuona vifundo vya miguu yangu. Mwali haruhusiwi kuonwa na mwanamume wala kusikika sauti, kwa hiyo nilipewa fimbo ya kugonga ukuta. Mara moja ni maji. Mara mbili ni haja. Mara tatu haikuwa na maana, lakini niliigonga sana.

Wenzangu waliopita huko wanasema ualini wanafundishwa mambo. Nilifundishwa, sikatai. Lakini nilichotaka mimi ni kutoka. Sikutaka kitu kingine chochote duniani. Nilikuwa mtoto wa kukimbia milimani na kuni kichwani, na sasa nilihesabu hatua: saba kwenda, saba kurudi. Mjomba Kobelo, ambaye ndiye aliyekuwa na amri juu yangu kama ilivyo desturi yetu ya kufuata upande wa mama, alikuwa amesema nitatolewa baada ya mavuno. Mavuno ya mwaka wa kwanza yakaliwa na nguruwe. Ngoma ya mwali inataka chakula cha kuwashibisha watu wa pande zote, na mwali anayetolewa kwa njaa anachekwa mpaka kwa wajukuu. Basi nikaambiwa nisubiri mavuno mengine. Nililia siku mbili nikigonga mara tatu tatu. Bibi akaniletea magimbi.

Bahati yangu ilikuwa ukuta. Chumba changu kilipakana na baraza ambako Mjomba alisikiliza mashauri, maana alikuwa jumbe, na ukuta wa fito na udongo hauzuii neno. Nilijua nani kamgombeza nani kutoka kwetu mpaka Mlali. Ndivyo nilivyosikia habari ya Bwana Kamba. Huyu alikuwa Mdachi mpimaji, aliyepanda kutoka Morogoro na wapagazi, askari wawili, na kamba ndefu ya chuma ya kupimia. Alitaka kusimamisha mnara wa mawe juu ya kilele cha Lukunge, na alitaka kuandika mlima ule ni wa nani. Nieleze hapa, kwa sababu Rehema anadhani nchi ni kitu chenye bendera. Kwetu nchi ilikuwa pale ambapo watu wanaitikia ngoma ya jumbe wako. Upande huu wa Lukunge ilikuwa nchi ya Mjomba Kobelo, upande wa pili nchi ya Jumbe Banzi, na kilele kiko katikati, kirefu, chenye baridi na ukungu, hakioti hata gimbi. Mpaka ulipita juu yake na hakuna aliyewahi kwenda kuutazama.

Tangu enzi na enzi wenyeji walijua mlima ule ni wa nani: ni wa mwenzako. Ukoo wetu na ukoo wa Banzi ni watani. Mvua ikikataa, Banzi alituma mtu kusema, "Mlima wenu umezuia mawingu, usafisheni." Maporomoko yakishuka, Mjomba alituma mtu kusema, "Mlima wenu umetukojolea." Bwana Kamba alipotangaza kwamba mwenye mlima atafyeka njia mpaka kileleni, atabeba mawe ya mnara, ataweka mlinzi mwaka mzima, na mnara ukianguka atapigwa viboko hamsa ishirini, basi hata kwa wasiokuwa watani mlima ule ungekosa mwenyewe.

Siku ya shauri walikusanyika barazani kwetu. Niliwasikia wakikaa, mmoja mmoja. Bwana Kamba alikuwa na kiti chake cha kukunja, kilichopiga kelele kila alipohema. Mjomba alikuwa na kiti chake cha ujumbe. Banzi alipewa kigoda, na mpaka leo naamini mambo yote yalianzia kwenye kile kigoda. Mkalimani alikuwa kijana wa pwani aliyevaa kanzu safi na kusema kila neno kana kwamba analilipia, na huyo ndiye Sefu. Walianza vizuri. Banzi alisema mlima ni wa Kobelo, babu zake wote walisema hivyo. Mjomba alisema mlima ni wa Banzi, hata ng'ombe wanajua. Sisi hatukuwa na ng'ombe. Bwana Kamba akachoka, akauliza swali ambalo hakuna mtu wa kwetu angeliuliza mbele ya watani wawili: kati yenu, mkubwa ni nani?

Nilimjua Banzi kwa sauti tu siku ile, lakini nilimsikia akijizuia. Mtu akimwona mtani wake kakaa kiti kizuri, ulimi unawasha. Akasema, "Mkubwa ni mimi, bwana. Huyu Kobelo ni mtumwa wangu. Nilimnunua kwa jogoo." Wazee wakacheka. Ni mzaha wa kila siku, anausema kila harusi. Mjomba naye, kwa heshima ya utani, asingeweza kukaa kimya, akajibu, "Na jogoo mwenyewe ulimwiba." Kicheko kikazidi. Katikati ya kicheko nikamsikia Sefu, taratibu, kwa sauti ya kusoma, akimgeuzia Bwana Kamba maneno yote mawili kwa Kidachi. Halafu nikasikia kalamu.

Kicheko kikafa chenyewe. Mzee mmoja akamwambia Sefu, "Kijana, mweleze bwana kuwa ni utani." Sefu akasema, "Mimi natafsiri maneno. Sitafsiri kicheko." Baadaye sana, tulipokuwa wazee wote wawili na yeye amehamia Mikese akiuza chumvi, nilimuuliza kwa nini alifanya vile, na utani aliujua kuliko sisi. Akaniambia kuwa wiki moja kabla alikuwa ametafsiri kicheko mahali pengine, Bwana Kamba akadhani anachekwa, na Sefu akakatwa posho. Siku ile niliposikia kalamu sikujua hayo. Nilijua tu kwamba kitu kinaandikwa, na kinachoandikwa hakifutiki kwa kuomba radhi.

Bwana Kamba akauliza: alinunuliwa peke yake, au na jamaa zake? Hapa Banzi angeweza kuacha. Lakini watu walikuwa wanamtazama, na mtani akirudi nyuma ni mwoga. Akasema alinunua ukoo mzima, Kobelo na dada yake na kizazi cha dada yake, kwa kuongeza jogoo wa pili. Dada yake ni mama yangu. Kizazi ni mimi. Nikiwa nimekaa gizani mwaka mzima, nimepakwa mafuta, naambiwa kwamba nimenunuliwa kwa nusu ya jogoo wa wizi. Nilikasirika, na mwali hana pa kupeleka hasira, basi nikachukua fimbo nikagonga ukuta. Mara tatu. Udongo ukamdondokea Bwana Kamba mabegani.

"Kuna nani mle?" akauliza. "Mwali," wakamjibu. "Mwali ni nini?" Na Sefu, Mungu amrehemu alipo, akamweleza kwa maneno yake yaliyonyooka: ni msichana aliyefungiwa kwenye chumba kisicho na dirisha, mwaka sasa, haruhusiwi kutoka wala kusema. Kila neno kweli tupu. Nilisikia kile kiti cha kukunja kikianguka. Bwana Kamba alikuwa ameona mtumwa jumbe, sasa ameona mtumwa msichana kafungwa gizani, na alitembea na karatasi za serikali za kuwapa watumwa uhuru wao. Akaamuru nitolewe pale pale, anione kwa macho yake.

Kama ningeonwa na wanaume siku ile, na mzungu juu yake, bila ngoma, bila kuchezwa, mwaka wangu wote ungekuwa bure. Ningeanza upya, au nisingepata mtu wa kunioa. Nilijibanza nyuma ya mtungi, na mwili niliokuwa nao mtungi haukusaidia. Ndipo nikasikia mlango wa nje wa chumba ukigongana na kitu kizito. Bibi amesimama kizingitini na mchi wa kutwangia. Hakupiga kelele. Alisema, "Mwambie bwana wako kwamba mimi ni mzee, na nitakufa kesho au keshokutwa. Akitaka iwe leo, aje." Sefu akatafsiri. Sijui alitumia Kidachi gani, lakini Bwana Kamba aliokota kiti chake. Wakapatana siku tatu. Siku ya nne mwali atoke kwa desturi yake, apewe karatasi yake.

Siku tatu. Nilitaka kuruka. Halafu nikasikia ugali wa jioni ukiliwa chumba cha pili, na hapakuwa na kicheko. Mjomba alikuwa analia kwa sauti ya mtu anayejifanya ana mafua. Sefu alikuwa amemnong'oneza kabla ya kuondoka kwamba mtumwa hawezi kuwa jumbe. Na Banzi hawezi kukana, maana akisema alikuwa anatania atakuwa amemdanganya mkubwa, na viboko vya uongo havina tofauti na viboko vingine. "Kesho mimi si kitu," alisema Mjomba. "Na mwali huyu tunamtoa kwa nini? Ghalani mna panya, tena wamekonda. Nimwambie bwana nimemrudisha mtoto kwa upande wa baba yake, Mlali, tumfiche ndani mpaka mavuno." Mama akasema, "Labda ndiyo hivyo." Mavuno yalikuwa bado miezi miwili.

Bibi alipokuja na magimbi yangu sikula. Alishtuka, haikuwahi kutokea. Nikamnong'oneza, "Bibi, mimi ni wa nani?" Akasema, "Wa kwetu." Nikasema, "Imeandikwa ni wa Banzi. Mwali wa Banzi anachezwa na nani?" Bibi akakaa kitandani, kamba zikalia. Akanitazama, ingawa gizani mle hakuona kitu. Nikaendelea, "Na nchi ya mtumwa ni ya nani? Na mlima wake?" Alinyanyuka, akaenda chumba cha pili, na nilimsikia akianza, "Kobelo, futa kamasi. Nimepata wazo." Lilikuwa wazo langu. Mpaka anakufa alisema ni lake, na mazishini kwake watu walilisifu.

Kulipokucha Mjomba akaenda kwenye hema la Bwana Kamba, ambako Banzi naye alikuwa ameitwa. Haya niliyapata kwa Mama aliyeyapata kwa wapagazi, na Mama haongezi chumvi, hakuwa nayo. Bwana Kamba akampa Mjomba kiti. Mjomba akakataa, akasema mtumwa hakai mbele ya bwana wake. Akachuchumaa miguuni pa Banzi. Akasema, "Yote aliyoyasema bwana wangu Banzi ni kweli. Mimi ni wake. Sina nchi, nchi ni yake. Lukunge yote ni yake, mpaka kileleni na ukungu wake. Yule mwali ni wake pia, na kwa desturi yetu mwenye mwali ndiye anayewalisha watu siku ya kumtoa." Sefu akatafsiri neno kwa neno, na safari hii, Mama alisema, mdomo wake ulikuwa unatetemeka pembeni. Bwana Kamba akaandika. Akamuuliza Banzi kama ni kweli. Banzi akamtazama Mjomba, akatazama askari, akatazama fimbo ya kiboko iliyotundikwa hemani. Akasema, "Kweli, bwana." Halafu kwa Kiluguru, kwa sauti ndogo, "Kobelo, umeniua." Na hakukasirika. Hilo ndilo nililompendea Banzi maisha yangu yote: hakukasirika.

Bwana Kamba alikuwa mtu wa haki kwa kadiri alivyoielewa. Aliamua kwamba watumwa watakombolewa kwa bei ile ile waliyonunuliwa, jogoo wawili, na wakishakombolewa Kobelo awe jumbe tena wa watu wake. Ila mlima ubaki wa Banzi, kwa sababu siku ya kupimwa ndivyo ilivyokuwa. Mjomba akaenda kuwaleta jogoo. Alichagua wawili walio vipofu. Banzi akawapokea kwa mikono miwili, akashukuru.

Siku ya nne nikatoka. Banzi alileta mbuzi watatu, mchele, na mitungi ya togwa, na watu wake wakala kama watu wanaolipiza kisasi, maana chakula kilikuwa chao. Nilibebwa mabegani, shanga mpaka kiunoni, macho nimeinamisha kama nilivyofundishwa, lakini hata ningeyainua nisingeona kitu. Mwanga uliniumiza mpaka machozi yakatoka, wanawake wakasema ni haya. Shangazi aliyenibeba alikuwa anahema na kunilaani kwa uzito wangu. Banzi alipita mbele akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Kwa nusu ya jogoo, nilipata nyama nyingi." Nilicheka, na mwali hachekagi siku ile. Bibi akanifinya.

Ngoma ilipotulia Bwana Kamba akanipa karatasi yangu mkononi, yenye muhuri wa tai. Sefu akaisoma kwa sauti mbele ya wote: mwenye karatasi hii si mali ya mtu, yu huru, aende atakako, na asizuiwe na mtu yeyote. Watu wakapiga makofi kama mtu anavyopiga makofi kwa hotuba. Mimi nilisikiliza kila neno. Ualini nilikuwa nimejifunza kusikiliza.

Wiki ikapita. Niligundua kwamba nimetoka chumbani nikaingia barazani. Mwali aliyetolewa anakaa na bibi yake, anasuka ukili, anangoja posa. Hatembei hovyo. Nikitaka maji mtu alinichotea. Nikisimama, Mama aliniuliza naenda wapi. Bwana Kamba alikuwa ameondoka, mnara umesimama, na watu wa Banzi walikuwa wanashuka wakimtukana Mjomba kwa kupokezana. Asubuhi moja nikaenda kwa Mjomba, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake, nikapiga goti, nikamwambia nataka kwenda kutembea.

"Wapi?"

"Juu. Lukunge."

"Lukunge si kwetu. Ni kwa Banzi. Tumehangaika sana pasiwe kwetu." Akageuka kutafuta ugoro wake, mazungumzo yameisha.

Nikamnyooshea karatasi. Hakujua kusoma, mimi pia sikujua. Aliikunja, akaifunua, akaikunja tena. Akatazama muhuri. Alikuwa na ya kwake kibandani, ameifunga kwenye ngozi, kwa sababu ndiyo iliyomrudishia kiti alichokalia.

"Sefu alisema asizuiwe na mtu?"

"Mtu yeyote, Mjomba."

"Alitaja mjomba?"

"Hakutaja. Alisema mtu."

Nilimwona akitafuta njia ya kutokea na kila njia ikipita juu ya kile kiti. "Mjomba naye ni mtu," akasema mwishowe, kwa huzuni. "Basi nenda. Lakini urudi kabla ya ugali."

Nikaenda. Njia ilikuwa imefyekwa vizuri, nawashukuru watu wa Banzi. Kwa unene ule nilipumzika kila penye jiwe, na miguu ilikuwa imesahau kazi yake. Ilinichukua mpaka jua la adhuhuri. Kule juu mlinzi alikuwa amelala chini ya mnara kajifunika mkeka, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba sikuona nchi yetu wala nchi ya Banzi, wala mkono wangu vizuri. Hapakuwa na cha kutazama hata kidogo. Nikakaa juu ya jiwe. Hakuna aliyeniambia niinuke, hakuna aliyeniletea magimbi. Baridi ilinitoboa, njaa ikaniuma, saa ya ugali ikafika na kupita. Niliondoka nilipotaka mwenyewe.